Songwe, Tukuyu, Nduli: Siku Sita za Kumleta Mama Dar

Nimerudi Kimara, mama amelala chumba cha pili, na nguo zilizolowa matope ya Tukuyu bado ziko kwenye beseni. Haya nimeyaunga kutoka kwenye kijidaftari changu na picha za simu, maana kila picha ina saa yake na saa ndizo hasa nilizotaka kuzikumbuka.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tarehe ya upasuaji ilipopatikana hapa Dar nilisema nitamfuata mwenyewe kwake Tukuyu. Alikubali kwa sharti moja: tupitie Iringa kwa dada yake. "Nataka nimwone kwa macho haya haya kabla hamjayagusa."

Ndipo nikaanza kuulizia umbali. Kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya, hadi uwanja wa Nduli, Iringa, ukinyoosha mstari ni kama kilomita 306. Simu inakujibu upesi kwamba ni chini ya saa moja. Ila katika ratiba za wiki ile sikupata ndege ya kutoka huku kwenda kule moja kwa moja. Zote zilitupitisha Dar: kilomita 690 kwenda na nyingine 390 kurudi bara, yaani kilomita 1,080 angani ili kufika mahali palipo kilomita 306. Kwa hiyo nilipanga hivi: mimi niende Mbeya kwa ndege, tutoke Mbeya hadi Iringa kwa basi, kisha Iringa hadi Dar kwa ndege ndogo. Kushuka mlima wa Kitonga kwa basi, na saa nyingine tisa za kukaa kitako, magoti ya mama yasingeweza.

Siku ya kwanza, Jumanne: Dar hadi Songwe, kwa njia ya Dodoma

Teksi saa 10 alfajiri, Sh 35,000. Tiketi ya kwenda tu nilikuwa nimelipa Sh 268,000. Ndege ilikuwa ya pangaboi mbili, zile za abiria sabini na kitu, na iliruka saa 12:50 asubuhi.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mpunga wa Mbarali. Nilimwamkia, akaniitikia, akauliza kama nakwenda nyumbani. Nilipomweleza habari ya mama alinyamaza kidogo, kisha akasema mkewe alifanyiwa upasuaji huo huo na sasa anachambua mchele mwenyewe. Neno hilo lilinituliza kuliko yote niliyosoma kwenye simu.

Hapa niweke hesabu, kwa sababu ndugu zangu huniuliza kila mara. Dar hadi Songwe, kutoka lami ya uwanja mmoja hadi lami ya uwanja wa pili, ni kama kilomita 692, au maili za anga 374 (kila moja ni kilomita 1.852). Kwa barabara unavuka kilomita 830. Ndege ya aina hii ikishatulia juu hukata zaidi ya kilomita 600 kwa saa, kwa hiyo mtu atagawanya na kupata saa moja na dakika kumi. Ila haianzi na mwendo huo. Inatambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inapanda kwa muda mrefu ikiwa bado nzito, na kabla hujamaliza soda imeanza kushuka. Tiketi iliandika saa moja na dakika 25. Muda wa kuuamini ni huo wa kwenye tiketi.

Saa 2 na dakika kumi tulikuwa juu ya Mbeya. Kilele cha Rungwe kilikuwa kimejitokeza juu ya mawingu meupe kama kisiwa, na chini yake hakuna kilichoonekana. Rubani akatangaza kwamba uwanja umefunikwa na ukungu na tutazunguka kusubiri. Tulizunguka dakika 25. Tangazo la pili likasema tunakwenda Dodoma.

Kuna walioguna. Mzee wa Mbarali alitoa karanga mfukoni, akanigawia. "Ukungu wa Songwe hauna haraka," akasema. "Jua likiuchoma vizuri unanyanyuka wenyewe. Ndege iliyobeba mafuta ya kwenda kwingine ndiyo ndege ya kupanda." Na ndivyo sheria ya safari za anga ilivyo: hupakiwa mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba, na ziada juu yake.

Wenyeji wa zamani wanaukumbuka uwanja wa ndani ya jiji, chini ya mlima Loleza, wenye njia fupi na nyumba pande zote. Huu wa Songwe ulianza kutumika Desemba 2012. Uko upande wa magharibi, bondeni, kukiwa na nafasi ya njia ya kurukia yenye zaidi ya kilomita tatu. Urefu huo una sababu yake. Uwanja uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, huko hewa ni nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka kuliko ingehitaji pale Dar.

Dodoma tulikaa ndani ya ndege zaidi ya saa moja, milango wazi, joto likiingia. Simu yangu ilizima. Mzee alinipa yake nimpigie mama.

"Uko wapi?"

"Dodoma, mama."

"Dodoma ndiyo njia ya kuja huku?"

Tuligusa lami ya Songwe saa 5:35 asubuhi. Nimejumlisha: kilomita 692, nyingine 410 kwenda Dodoma, na 410 za kurudi. Kilomita 1,500 na ushee, saa tatu na nusu angani, kwa safari ya saa moja na dakika 25.

Kwa atakayekwenda wakati wa masika: usipange jambo la lazima asubuhi ile ile unayotua. Ukiweza, chukua ndege ya mchana. Na jina lisikuchanganye. Uwanja wa Songwe uko mkoa wa Mbeya, si mkoa wa Songwe ulioanzishwa 2016, ambao makao yake makuu ni Vwawa. Kwenye tiketi utaona herufi MBI. Nilisafiri na dada mmoja aliyekuwa ameshalipia chumba Vwawa huku shughuli yake iko Mwanjelwa.

Teksi za uwanjani zilitaka Sh 45,000 hadi Uyole. Kabla sijaanza kupatana, mzee wa Mbarali aliniita. Mwanawe alikuja kumpokea na pikapu, wanapita Uyole kwenda kwao. Mbalizi, Iyunga, Mafiati, tulikwenda polepole mno kwa sababu ya ujenzi wa barabara ya njia nne. Vumbi la asubuhi lilikuwa limeshageuka tope. Uyole nikatoa Sh 20,000, mzee akaurudisha mkono wangu. "Hiyo mnunulie mama yako sukari."

Kosta ya Tukuyu Sh 5,000, ikasubiri kujaa saa nzima. Isyonje baridi iliingia hata kwenye mifupa, Kiwira akina mama walikuwa wanauza ndizi chini ya miavuli, na mvua ilitufuata hadi mwisho. Nilifika mlangoni kwa mama saa 11 jioni. Saa kumi na tatu kutoka mlango wangu hadi mlango wake.

"Ugonile," akasema, akinitafuta kwa mkono kabla hajaniona vizuri. Jikoni kulikuwa na mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maharage.

Siku ya pili, Jumatano: mizani

Mvua kutwa. Kazi ilikuwa moja, mizigo. Ndege ndogo ya Iringa ilituruhusu kilo 15 kila mtu, begi la mkononi likiwemo, na begi liwe laini, lisiwe sanduku gumu. Nilimwambia mama kwenye simu wiki mbili kabla. Alikuwa ameandaa mchele wa Kyela, maharage, mkungu wa ndizi na maparachichi ya kutosha mtaa mzima.

Jirani yetu anauza maparachichi. Alikuja na mizani yake ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye boriti ya baraza. Kilo 52. Mama alikaa kimya juu ya kigoda. Nilijua anachofikiria: kwenda kwa watu mikono mitupu ni aibu, na nyumba ya mwanao nayo ni nyumba ya watu. Tukapata njia. Mchele, mkungu na nusu ya maparachichi vitakwenda na basi, vibaki Iringa kwa mama mkubwa. Tulipopima tena vya Dar vilikuwa kilo 27 kwa watu wawili.

Ukiwa na mzazi anayesafiri kwa ndege ndogo, pima nyumbani, mbele yake, naye achague cha kuacha. Kumnyang'anya mzigo kaunta mbele ya watu ni kumvunjia heshima.

Usiku aliniuliza kama ndege ikiwa juu unasikia upepo. Hajawahi kupanda.

Siku ya tatu, Alhamisi

Tulishuka Mbeya mchana, tukalala gesti karibu na stendi kwa Sh 25,000, maji ya moto yapo.

Siku ya nne, Ijumaa: Mbeya hadi Iringa

Basi saa 12:15 asubuhi, Sh 24,000 kila mmoja, mzigo wa ziada Sh 5,000. Konda alimwona mama anapapasa ngazi, akamshika kiwiko, akamwomba kijana wa kiti cha mbele ahame. Kijana alihama bila neno na akambebea kikapu.

Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia mama njia. Ikawa kinyume. Tulipofika Igurusi alisema, "Pumba za mpunga hizo, tumefika Igurusi." Kushoto kwetu uwanda wa Usangu ulikuwa umejaa maji na mpunga mchanga, kulia milima ya Kipengere imesimama kama ukuta. Chimala akauliza kama Hamsini na Saba inaonekana. Ni ile barabara inayopanda kwenda Matamba kwa kona 57. Aliipanda akiwa msichana, juu ya lori la viazi. Nilimwambia inaonekana, kama uzi uliotupwa mlimani. Alitabasamu akiangalia upande ule ule.

Barabara hii ina jambo nililoligundua kwenye ramani. Kwa ndege 306, kwa lami kama 340. Tofauti ni ndogo sana, kwa sababu kati ya Igurusi na Igawa lami inakwenda ukingoni mwa tambarare bila kupanda mlima wowote. Iringa hadi Dar ni kinyume: kilomita 390 angani, kama 500 barabarani, kwa sababu ya Kitonga na Udzungwa. Reli ya TAZARA yenyewe iliikwepa Iringa, ikaingia bonde la Kilombero na kutokea Makambako. Kwa hiyo ukitaka kuona ndege inakuokolea wapi, kilomita tu hazitoshi. Tazama kuna nini katikati.

Ila unyoofu wa njia haukutusaidia siku ile. Halali lori la mbao lilikuwa limelala barabarani. Saa moja na dakika kumi. Wanawake wa kijijini walikuja na mahindi ya kuchemsha, Sh 500 kwa gunzi, na mmoja aliporudi na sufuria ya pili alibeba kigoda pia. "Bibi akae nje apate hewa." Hakumfahamu mama wala hakutaka kitu.

Mizani ya Makambako, tochi za trafiki mara nne, kisha misonobari ya Sao Hill kushoto na kulia kwa muda mrefu. Mafinga tulisimama dakika 20, watu wakachimba dawa. Wali nyama Sh 4,000, chai ya maziwa Sh 1,000. Vyoo vya hapo vina ngazi mbili ndefu, mzee mwenye magoti mabovu lazima awe na mtu wa kumshika.

Stendi ya Igumbilo saa 8 mchana. Saa saba na dakika 45. Igumbilo iko nje ya mji, panga nauli ya pili: bajaji hadi Kihesa kwa mama mkubwa, na mkungu wa ndizi miguuni, Sh 10,000.

Siku ya tano, Jumamosi: Kihesa

Ya siku hii mengi nayaacha kwao wenyewe. Mama mkubwa ana miaka 81, aliolewa Uheheni zamani, na majirani walioingia na "Kamwene" aliwajibu hivyo hivyo, kisha akamgeukia mama kwa Kinyakyusa. Mama alimshika uso kwa viganja viwili, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Akatazama muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Wewe je?" mwenzake akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa.

Ilikuwa msimu wa ulanzi. Jirani alileta dumu, mama akaonja nusu kikombe. Mimi nilitumwa sokoni kununua mboga ya maboga, nikapita Gangilonga kuona jiwe, mvua ikanirudisha.

Siku ya sita, Jumapili: Nduli hadi Dar

Nduli haiko mbali na Kihesa. Ni barabara ile ile ya Dodoma, Sh 12,000 kwa bajaji. Tulitakiwa kufika saa moja kabla. Tiketi Sh 390,000 kila mmoja, ndiyo gharama kubwa kuliko zote za safari hii.

Walipima mabegi, kisha wakatupima na sisi. Mama alisita. Kijana wa kaunta alitoka nje ya meza yake, akamweleza taratibu: "Bibi, ndege ni ndogo, rubani anapanga nani akae wapi ili isiegemee upande mmoja. Hata yeye tunampima." Kisha akamsaidia kupanda mizani kama anavyomsaidia mtu kupanda ngazi ya nyumba. Ni jambo la kumwambia mzazi mapema, nami sikulifikiria.

Injini moja, viti kumi na viwili, rubani unamwona mgongo. Tuliondoka saa 4:20 asubuhi. Ndege hii hukata kama kilomita 300 kwa saa, nusu ya ile ya Jumanne. Ndiyo maana kilomita 390 zilituchukua saa moja na dakika 22, karibu sawa na zile 692 za Songwe zingekuwa bila ukungu. Anayeuliza saa za safari aulize kwanza ni ndege gani. Nayo haipandi juu sana, kwa sababu ndani hakuna hewa ya kushindiliwa kama kwenye ndege kubwa, hivyo mawingu ya mchana huitikisa. Chukua ya asubuhi. Najua nilishauri kinyume kwa Songwe. Kule tatizo ni ukungu wa alfajiri, huku ni joto la mchana linaloamsha upepo juu ya milima.

Nilimweka mama dirishani, ingawa nilijiuliza kama kuna maana. Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka tulipotulia. Udzungwa ilipita chini yetu, kijani nzito yenye mikunjo, na barabara ya Kitonga niliyoiogopa kwa ajili yake ilikuwa kama alama ya ukucha kwenye udongo. Baadaye kidogo akanigusa.

"Kuna kitu kinang'aa kule chini."

Nilichungulia. Ulikuwa Mto Ruaha, maeneo ya Mbuyuni, jua limeupiga sawasawa.

"Ni Ruaha, mama."

"Nimeuona," akasema. Akabandika paji la uso kwenye kioo na hakulitoa mpaka tulipovuka Mikumi.

Tulitua Dar saa 5:42. Mvua, foleni, barabara ya Morogoro imejaa maji, tukafika Kimara saa 8 kasoro robo. Maparachichi yote yalifika mazima.

Nilipokuwa nampangia kitanda aliniuliza akishapona atarudi kwa njia gani. Nikamwambia Songwe moja kwa moja, ile ndege kubwa. Akafikiri.

"Ile nayo ina madirisha?"

Nimeshaandika kwenye daftari, ukurasa wa kurudi: ndege ya mchana, kiti cha dirishani, cha mama.